Chiriku wa Kona ya Bucha

Ndege wenye majina mazuri walikuwa wameshachukuliwa. Kila kona ya Harlem ilikuwa na vijana wake wanaoimba, na kila kundi lilijiita ndege, kwa hiyo kaka yangu Wardell na wenzake walipoanza, mwaka 1954, wakabaki na Chiriku. Mama alisema jina limewafaa, maana hawanyamazi.

Walisimama jioni mbele ya bucha la Bwana Pettiford. Wardell aliimba sauti ya juu, Thaddeus besi, na katikati walikuwa mapacha wa akina Bascombe, ambao siku zote walikubaliana na aliyesema mwisho. Chombo cha muziki hawakuwa nacho. Mapacha waliitikia du-wa, du-wa, Thaddeus akanguruma chini, na Wardell akapita juu yao na maneno ya mapenzi ambayo hakuwa amemwambia msichana yeyote. Mimi niliishia shule ya msingi, nikawa napiga pasi kwa dobi. Nikitoka kazini nilikaa ngazini kuwasikiliza. Chumba chetu kilikuwa juu ya bucha.

Mwaka wa pili mtu wa kampuni ndogo ya santuri aliwasikia, akawaita studio siku ya Alhamisi. Walipewa muda wa saa mbili. Baada ya hapo ni zamu ya kundi jingine. Jumatatu ya wiki hiyo Wardell akaacha kazi ya kuosha vyombo hotelini. Mama akamuuliza, Alhamisi ikiharibika atakuwa nani? Akasema haiharibiki.

Niliwafuata na kuku wa kukaanga kwenye kikapu. Kuta za studio zilikuwa zimefunikwa mazulia. Wardell alianza juu mno, sauti ikapasuka. Mara ya pili akaanza chini, Thaddeus akawa anatoa pumzi tupu. Fundi wa studio akamleta mpiga piano awape noti. Wakaanza naye vizuri, lakini kufika ubeti wa pili walikuwa wameshahama noti, wote wanne pamoja, piano ikabaki peke yake kama mgeni aliyekosea mlango.

Saa moja ikaisha hivyo.

"Kazi uliacha ya nini, bwana, na hata kuanza hujui?" Thaddeus akamwambia Wardell.

"Wewe je, ulikuwa unaimba au unasukutua?"

Mimi nilikuwa nimeshagundua kitu, ila kilinichukua muda kukiamini. Jokofu la Pettiford huvuma mchana na usiku, na miaka kumi na moja nimelala juu ya mvumo huo. Pale kona hakuna aliyewahi kutoa noti. Walinyamaza kidogo, kisha wakaanza pamoja, wakidhani ni kipaji, kumbe noti walipewa na jokofu. Nikamwambia Wardell. Thaddeus akacheka.

"Kwa hiyo mwalimu wetu ni nyama ya ng'ombe, dada?"

"Nyamaza nikupe noti," nikamwambia. Nikafumba macho, nikavuma.

Mpiga piano aliitafuta sauti yangu, akasema kwenye piano haipo, imekaa kati ya vitufe viwili. Fundi akamwambia akapumzike. Wakaimba bila yeye, na mara moja ikatosha.

Santuri ilitoka Oktoba. Redio iliipiga, kinyozi aliipiga mlango wazi, na Wardell akaanza kuvaa viatu vyeupe hata siku za theluji. Habari ya jokofu hakuna aliyeitaja, nami sikuitaja.

Januari wakaitwa kwenye ukumbi mmoja wa Baltimore, wiki nzima, maonyesho manne kwa siku. Wardell akanifuata jikoni.

"Twende wote, Ernestine."

"Kuna bendi kule?"

"Ipo. Watu tisa."

"Basi sina la kuwasaidia. Mna wiki tatu. Nendeni kanisani mkazoee piano."

Alipeleka neno hilo kwa wenzake. Thaddeus akasema watu wenye santuri redioni hawaendi kufundishwa noti kama watoto wa shule ya Jumapili. Mapacha wakakubali. Wardell angeweza kushikilia, maana wimbo ulikuwa wake. Hakushikilia.

Nilikwenda, nikakaa juu kwenye viti vya nyuma. Onyesho la kwanza bendi ilianza, na kwenye ubeti wa pili Chiriku wakahama. Kiongozi wa bendi alijaribu kuwafuata, lakini tarumbeta haziwezi kwenda mahali ambapo kwao hapapo. Watu walicheka, si kwa ubaya. Onyesho la pili kiongozi akashusha mkono, bendi ikanyamaza, wakaimba peke yao. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliacha kutafuna. Lakini mwenye ukumbi akasema watu wamekuja kusikia bendi, na Jumatano majina yao yakafutwa ubaoni.

Kwenye basi la kurudi Thaddeus alisema tarumbeta zilikuwa mbovu. Alisema hivyo mpaka Philadelphia. Wardell alitazama nje. Kufika masika hawakuwa wakisimama tena pamoja.

Wardell alirudi hotelini kuomba kazi. Wakamchukua, akamenye viazi, chini ya mtu ambaye yeye Wardell ndiye aliyemfundisha kuosha vyombo. Nikamuuliza kama walitaka kujua alikuwa wapi muda wote ule.

"Waliniuliza," akasema. "Nikawaambia nilikuwa naumwa koo."