Ukuta wa Shea

Mume wangu Hafidhi ana masikio mazuri ya kusikia bei, lakini neno likija na Kizungu ndani yake, hulipokea anavyotaka yeye. Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, viwanda vya serikali vikiuzwa na redio ikihubiri kununua shea asubuhi na jioni, yeye aliyeshuka na mzigo wa ndizi kutoka Mkuyuni alikuwa tayari na duka la vitenge mjini Morogoro. Akaamua kupandisha ghorofa: chini maduka, juu sisi na mabinti zetu.

Injinia Regina akaja na ramani. Akagusa upande unaopakana na nyumba ya shemeji Salehe. "Hapa, mzee, kuanzia msingi mpaka paa tunamwaga zege na nondo. Ni shea wol."

"Shea?"

"Ndiyo. Bila huo sijengi."

Basi yakawa makubwa. Salehe ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja, na tangu wagawane kiwanja cha marehemu baba yao walikuwa hawasemeshani. Hafidhi akaamini kwamba kaka yake amemweka injinia mfukoni, ajipatie ukuta kwa mgongo wa mwenzake. Ramani ilikuwa na ukuta mwingine wa namna hiyo kwenye ngazi, lakini huo hakuwa na ugomvi nao.

"Ukuta wa kushea na Salehe? Bora nilale nje," alisema mbele ya mafundi, na hakuna tangazo linalowashinda mafundi kwa kusambaza neno. Akaagiza ziwekwe nguzo na tofali tu. Regina akasimamisha kazi. Masika ikaingia, msingi ukajaa maji, vyura wakahamia kabla yetu.

Nilimwacha anune mpaka nikachoka. Watakaolala juu ni wanangu, na mwaka uliotangulia ardhi ilitikisika vyombo vikalia kabatini, tukatoka mbio bila viatu. Nikamwita Regina nyumbani kwa chai, nikamkalisha mbele ya Hafidhi.

Regina hakubishana. Alimwomba alisukume kabati langu la vyombo kwa pembeni, taratibu. Kabati likayumba.

"Miguu yake mizima?"

"Mizima."

"Vyombo linabeba?"

"Linabeba."

"Mbona linayumba?"

Hafidhi akachungulia nyuma ya kabati. Ubao wa nyuma aliung'oa mwenyewe akazibia banda la kuku, na nililisema hilo kwa sauti maana lilikuwa bado linaniuma.

"Nguzo zinabeba mzigo unaoshuka," Regina akasema. "Tetemeko linasukuma kwa pembeni. Ukuta ule ndio ubao wa nyuma. Hiyo shea si ya kugawana, mzee. Ni neno jingine kabisa la Kizungu, la nguvu inayosukuma kwa pembeni. Ukuta ni wako peke yako."

Nilimwona mume wangu akitafuta pa kuweka uso.

"Ila," Regina akaongeza, "mbao za kushikilia zege lazima zisimame na upande wa pili, uani kwa jirani. Kamwombeni."

Tukaenda jioni ileile. Sikutaka kusimuliwa.

"Shikamoo, kaka," Hafidhi akasema mlangoni. Miaka ilikuwa imepita bila shikamoo hiyo.

Salehe akafungua mlango wote. "Marahaba. Karibuni."

Hafidhi akaeleza akiwa ameinamia mkeka: zege, mbao, ua.

"Kumbe si wa kushea," Salehe akasema.

"Si wa kushea, kaka. Nilisikia vibaya."

"Na mimi niliambiwa hivyohivyo. Mbao wekeni, ua ni wenu." Akainuka. "Njooni huku."

Alitupeleka kwenye stoo ya uani, akafunua turubai. Mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa vizuri mpaka kiunoni.

"Mafundi waliponiambia injinia kachora ukuta wa shea kati yetu, nikasema mdogo wangu amenirudia, ila anaona aibu kuja. Nikanunua nusu yangu." Akaikunja ncha ya turubai. "Halafu wakaniletea neno lako kwamba bora ulale nje."

Hafidhi akaisogelea mifuko. Aliweka kiganja juu ya mfuko wa kwanza, akabonyeza. Unyevu wa masika ulishauingia, saruji ilikuwa imeganda. Akabonyeza uliofuata. Kisha akapiga magoti, akaendelea mmoja mmoja mpaka ya chini kabisa, akitafuta hata mmoja uliobaki laini.