Kanda ya Watatu

Sheria ya kanda ile aliitunga Jacqueline, kama alivyotunga sheria ya kila kitu tangu walipokuwa wakijifunza ushonaji kwa masista wa Kigonsera: nani alale kitanda cha dirishani, nani akamwombe Sista mkasi, nani acheke na lini. Kanda ya kurekodia ni moja, wao ni watatu. Upande wa kwanza ataujaza yeye na Notburga, nusu kwa nusu. Upande wa pili wote ni wa Avelina, kwa sababu Avelina ni wa ziwani, na redio za ziwani hunasa nyimbo za ng'ambo, Malawi, ambazo huku milimani hazifiki. Ukizichoka nyimbo zako, zifute uweke nyingine. Za mwenzako usiguse. Ilikuwa sheria nzuri, tena fupi, na haikuwa na kasoro yoyote mpaka ilipombana aliyeitunga.

Masomo yalipokwisha, Jacqueline akarudi Mbinga mjini, Notburga akarudi Ukata kwenye kahawa ya baba yake, na Avelina akashuka kijijini kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mbamba Bay. Kanda ikawa inasafiri badala yao. Iliviringishwa ndani ya soksi na kukabidhiwa utingo wa lori, ikapanda milima, ikashuka, na kwa miaka miwili haikupotea hata mara moja, jambo la ajabu ukiwajua matingo. Notburga aliweka kwaya na ngoma za mavuno. Avelina aliweka nyimbo za Kichewa ambazo wenzake walizikariri zote bila kuelewa neno. Jacqueline aliweka rumba mpya mpya, kwa kuwa kwao zilikuwapo. Baba yake, Mzee Hyasinti, alikuwa ameacha ukarani wa ushirika akawa mnunuzi binafsi wa kahawa mara tu serikali iliporuhusu, na sebuleni kwake sasa ilikaa redio ya deki mbili, ile inayotoa nakala ya kanda huku wewe unakula wali wako.

Avelina yeye aliazima redio ya katekista Pankras. Ilikuwa na deki moja, na betri zake zilianikwa juani pamoja na usipa, vile visamaki vya ziwani, ili zijikongoje siku moja zaidi.

Mwaka 1995, kiangazi kilipoanza, mama yake akaanza kukohoa damu.

Mama huyo alikuwa mwimbishaji wa kioda, ngoma ya akina mama wa ziwani. Wanawake hupanga mstari, mwimbishaji hutoa beti, wenzake huitikia. Kiitikio ni cha wote, lakini beti ni mali ya aliyezitunga. Alipoona kitanda kimemshika, akatunga wimbo wa mwisho. Akawaita wenzake mara mbili akawafundisha kiitikio, kwamba uzito wa mzigo anaujua aliyeubeba. Beti zenyewe akabaki nazo.

Avelina alizisikia kwa mara ya kwanza alasiri moja, amepiga magoti kando ya kitanda, redio ya katekista mapajani. Zilikuwa beti tatu. Ya kwanza ilihusu miaka ya kubeba usipa kichwani, kupanda nao milimani kwenda kuubadilisha kwa mahindi na maharage. Ya pili ilimhusu mume aliyekwenda kutafuta kazi, akatuma barua mbili, basi. Ya tatu ilitaja watoto wanne waliozaliwa kabla ya Avelina wakafa wote: jina la kila mmoja, lile ambalo mama alimwitia akiwa mgongoni, na alichokipenda. Majina hayo Avelina hakuwahi kuyasikia. Katika nyumba ile hayakutajwa kamwe. Alilia, lakini alilia kwa kubana pumzi, asije akaharibu rekodi.

"Sasa weka hiyo mashine chini," mama akasema alipomaliza. "Njoo tuimbe wote. Kitu kama hiki hushikwa kwa mdomo."

"Pumzika, mama. Nimeshakurekodi. Hupotei tena."

Alilisema kwa fahari, maskini. Mama akamtazama, akageukia ukutani. Kesho yake alisema tena, na keshokutwa, na karibu kila siku baada ya hapo, na Avelina akawa na jibu lilelile, kwa sababu mgonjwa hachoshwi, na kwa sababu kitu kilichomo kwenye kanda kimo. Ndivyo walivyoamini vijana wote wa wakati ule.

Hakuwa mzembe, na hilo lisemwe. Nyuma ya kanda mna vijino viwili vya plastiki, kila upande na chake. Ukikivunja, kitufe chekundu cha kurekodi hakishuki tena, na upande huo umefungwa. Avelina alikivunja kijino cha upande wake kwa ncha ya mkasi. Kisha akaandika barua: "Jacqueline dada yangu, upande wa pili ni mama, na hii haina nyingine. Mama anakwenda. Nitolee nakala mbili kwenye redio yenu, unirudishie upesi." Akatia kanda na barua ndani ya soksi, akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye lori.

Wiki tatu baadaye mama akafariki. Barua ya pole ilifika baada ya maziko, karatasi nzuri ya maua. Jacqueline aliandika kwamba ameumia sana, kwamba alibanwa mno na mambo ya kuvishwa pete, na kwamba kanda ipo salama.

Avelina aliishika barua ile kama mtu anavyoshika stakabadhi.

Kwa hiyo arobaini ilipokaribia, wanawake wa kioda walipomwuliza nani atawaimbisha, akawaambia: marehemu mwenyewe, kwa kanda. Mama mkubwa wake, Marselina, dada wa marehemu, akasema haijapata kutokea maiti kuimbisha ngoma, lakini kama mdogo wake amepata njia ya kufanya hivyo, basi ni yeye hasa, alikuwa hashindwi. Wakafua nguo zao nyeupe. Wakakirudia kile kiitikio jioni tatu mfululizo, wakiacha kimya mahali pa beti.

Notburga ndiye aliyeileta kanda, asubuhi ya siku yenyewe. Alishuka kwenye lori na kilo mbili za sukari, salamu za Jacqueline ambaye hakuweza kuja, na ile soksi. Alimwamkia Mama Mkubwa Marselina shikamoo kwa kupiga magoti, akampa Avelina mkono, na macho akayapeleka ziwani. Avelina hakuliona hilo. Aliibusu soksi mbele ya watu. Nakala hazikuwamo, ila kwa siku ile aliona si neno. Akairudisha kanda mwanzo kwa kuizungusha na kalamu, na hakuijaribu, ili betri mpya zisiliwe bure.

Baada ya sala, wanawake kumi na wanane wakapanga mstari uani. Katekista Pankras akaweka redio juu ya kinu kilichofunikwa khanga. Avelina akabonyeza.

Kanda ikakwaruza kidogo. Wanawake wakavuta pumzi. Likaingia gitaa.

Lilikuwa gitaa tamu la rumba, na juu yake sauti ya msichana anayetabasamu: "Karibuni wageni wetu wapendwa! Nyimbo hizi nimezichagua mimi mwenyewe, Jacqueline, kwa ajili ya siku yangu ya pete. Karibuni tucheze!"

Mwanamke mmoja mwenye umri alikuwa ameshaanza kuitikia. Alifika katikati ndipo akajishika mdomo.

Avelina akapeleka kanda mbele. Rumba. Mbele zaidi. Rumba. Akaigeuza, akakutana na kwaya ya Notburga mahali pake palepale, haijaguswa. Akaitoa, akaitazama nyuma. Katika kile kitundu alichokiacha kwa mkasi wake palikuwa pamejazwa karatasi, iliyotafunwa na kushindiliwa vizuri. Ukikiziba kitundu hicho, kitufe chekundu hushuka tena. Haikuwa bahati mbaya. Karatasi haijitafuni.

Akaichokonoa kwa pini ya nywele. Ikatoka ngumu na kavu, na kwenye kipande kimoja palikuwa na mwandiko wake yeye. Ilikuwa pembe ya barua yake.

Akamkuta Notburga nyuma ya jiko, amesimama kama mtu anayengoja kuchapwa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pete. Nilikuwa kwao nashona magauni. Kanda tupu hazikupatikana madukani na wageni walikuwa njiani. Nikamwambia, hiyo ni ya mama yake Avelina. Akasema ni mama tu anayekohoa, na mawimbi ya ziwa, na kwamba yeye mwenyewe atakuandikia urekodi tena."

"Hakuniambia."

"Alisahau. Kisha ikawa mama ameshafariki, akaona haya."

Avelina alikuwa anahesabu siku kwa vidole, tangu tarehe ya pete iliyotajwa kwenye barua ya pole. "Siku ya pete mama yangu alikuwa hai," akasema. "Alikuwa hai siku sita zaidi. Alikuwa ananiomba niimbe naye. Ungeniandikia mstari mmoja, Notburga. Mmoja tu, umpe utingo."

Notburga akaanza kulia. "Baba ana kahawa ya misimu miwili ghalani. Ushirika hauji tena, Ukata nzima anayenunua ni Mzee Hyasinti. Ningemsema bintiye kwa mdomo gani?"

"Ukacheza?"

"Nini?"

"Hizo rumba. Siku ya pete. Ulicheza?"

Notburga akaficha uso kwa khanga, na Avelina akamchukia kuliko alivyomchukia Jacqueline. Jacqueline hakujali alichokifuta. Huyu alijua thamani yake, akacheza juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo hii walikuwa wameishona watatu.

Uani Mama Mkubwa Marselina alikuwa akimwita. Wanawake hawakuvunja mstari.

"Mashine imeharibika, basi imeharibika," mama mkubwa alisema. "Wewe mwanawe ndiwe uliyekuwapo alipouimba. Beti unazo. Simama hapa utuimbishe."

Avelina akasimama mahali pa mama yake. Akafungua kinywa, na beti ya kwanza ikaja, usipa na milima na maharage. Wanawake wakaitikia, na ua ukatikisika. Ya pili ikaja nusu, ile barua ya kwanza, ile barua ya pili, halafu akaruka jambo, akaunganisha kwa maneno yake. Wakaitikia.

Ya tatu hakuwa nayo. Alikumbuka kwamba ilikuwa na majina manne, na kwamba mmoja alipenda kushika sikio la mama anaponyonya. Lakini ni yupi, na aliitwa nani? Wakati mama anaimba beti ile, yeye alikuwa anatazama sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya betri, kama bado imesimama.

Wanawake walidhani analia, wakamvumilia. Wakaitikia tena ili kumpa moyo, kwamba uzito wa mzigo anaujua aliyeubeba, kisha wakanyamaza mahali pa beti. Majina hayakuja. Wakaitikia tena, taratibu zaidi. Walifanya hivyo mara saba au nane, na kila walipomaliza walinyamaza kidogo, kwa adabu, kumwachia nafasi yake.