Ndiyo ya Darasa Zima

"Tumeelewana?" aliuliza mhadhiri wa saikolojia ya jamii, baada ya saa mbili za kueleza kwa nini watu hufuata mkumbo.

"Ndiyooo!" likaitika darasa zima, watu mia mbili kwa sauti moja.

Binti wa fundi viatu hakuwa ameambulia kitu, na mtihani ulikuwa kesho yake. Akishindwa tena, chuo basi. Akameza aibu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Nani mwingine?"

Wenzake wakamtazama kwa huruma, kama mgonjwa.

Nje ya ukumbi wakamzonga. "Dada, umetusemea! Hata sisi tumetoka kapa. Mfuate ofisini ukamwulize, tuko nyuma yako."

Akaenda. Alipobisha hodi na kugeuka, kweli walikuwa nyuma, tena nyuma sana, wanaingia kantini.

"Uko peke yako?" mhadhiri akauliza.

"Peke yangu, mwalimu. Naomba unieleweshe ule ukurasa wa leo."

Mhadhiri akachungulia koridoni. "Basi funga mlango, mwanangu. Ukurasa ule hata mimi huwa naupita mbio."

Wakavuta viti, wakaanza na mstari wa kwanza.