Seli Zilizogoma

Mambo yakiwa matamu kupita kiasi, mtu mzima hujiuliza nani kamwaga sukari. Ndivyo alivyokuwa dada mtafiti asubuhi ile, jicho kwenye darubini, roho haijatulia.

Kwenye seli za tumbili kuna protini ya kuzaliwa nayo, bawabu asiye na masihara: kirusi cha UKIMWI kikiingia tu, hulikamata ganda lake kabla hakijaanza kujizalisha. Binadamu naye ana bawabu wa aina hiyo, ila wetu, kirusi hiki kikipita, hukitazama tu. Dada akambadilisha huyu wetu kidogo, afanane na wa tumbili, akamtia kwenye seli za binadamu. Kirusi kikagonga mwamba! Kwa furaha akampigia simu mdogo wake wa kiume, anayeishi na virusi: "Mdogo wangu, tumekiweza!"

Sasa shida ni hii: seli za binadamu ambazo hakuzibadilisha hata chembe, zilizowekwa pembeni kwa kulinganisha tu, nazo ziligoma kuambukizwa. Lo! Zimejifunza wapi?

Kwanza alishuku kirusi kimekufa. Akakijaribu kwenye seli mpya za binadamu, kikaambukiza bila taabu. Akageuka kumtazama mwenzake wa meza ya pili, mlisha seli, waliyemwita Mzee wa Mkato.

"Seli za tumbili na za binadamu unazilisha vipi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Jamaa akajikuna kisogo. "Chakula si kile kile? Nachota chupa moja. Kufungua mbili za nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Utaratibu ni kila aina ya seli na chupa yake, maana mrija ukigusa seli za tumbili kisha ukarudi chupani, umezibeba. Nazo huzaana mbio, zikawamaliza wenyeji. Dada akapima: vyombo vyote vilivyoandikwa "binadamu" vimejaa tumbili. Alitamani kumzaba mtu kofi. Halafu akamkumbuka mdogo wake, hasira yote ikawa hofu.

Alimkuta sebuleni anapiga mluzi. Vidonge vyake vilikuwa kabatini, havijaguswa tangu ile simu.

"Si ulisema mmekiweza, dada?"

"Nilikosea. Zilikuwa seli za tumbili."

Akamkazia macho. "Au wakubwa wako wamekwambia ufiche?"

"Nikufiche wewe?"

"Juzi ulikuwa na hakika, leo umekosea. Nitajuaje hata kwenye hivi vidonge hamkukosea?"

Swali lilimchoma. "Kwa sababu hospitali niliingia nimekubeba mgongoni. Ukaanza hivi vidonge, ukatoka kwa miguu yako. Hilo sikuliona kwenye darubini."

Kijana akaliendea kabati. Akatia kidonge mdomoni, akashushia maji, kisha akaachama mbele yake.

"Haya, kagua. Maana siku hizi humwamini mtu."

Dada hakucheka. Akamwambia ainue ulimi, akachungulia.