Difu ya Mbele

Fundi alichoka hata kabla shemeji yake hajashuka garini. Huyo mume wa dada yake alikuwa ameifungia pikapu matairi makubwa ya kujidai, na sasa kila kilima ilikuwa ikikipanda kwa kuhema.

“Matairi haya yanataka difu ya nguvu, siyo hii ya mbio,” fundi alisema, akiigonga ile gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma. “Na ukibadilisha ya nyuma, badilisha na ya mbele. Zisipolingana, siku ukiunganisha magurudumu yote manne zitashindana mpaka moja ipasuke.”

“Ya mbele ya nini, shemeji? Mimi siitumii kabisa!”

Walibishana mpaka chai ikapoa. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, na fundi akanyoosha mikono. Alibadilisha ya nyuma peke yake. Lakini alimjua mtu wake, kwa hiyo akaufungua mpini wa kuunganishia difu ya mbele, akautia kwenye droo.

“Ukiutaka,” alimwambia, “njoo na difu yake.”

Pikapu iliondoka ikivuta kama trekta, honi mtaa mzima.

Mvua ya kwanza ikairudisha ikiburutwa kwa kamba, difu ya mbele imepasuka, mafuta yanachuruzika. Fundi alichungulia ndani ya gari. Kisiki cha chuma kilichobaki pale alipoufungua mpini kilikuwa na alama za koleo.

“Nilitaka tu kuona kama inafanya kazi,” shemeji alisema.

“Ilikuwa inafanya,” fundi akamjibu, akatandika gunia lake chini ya gari, akalala chali.