Upande wa Ndani wa Mtumbwi

Sipendi kushauriwa dukani. Hansa, mama mwenye duka la vifaa pale Singida mjini, analijua hilo. Kwa hiyo siku nilipokwenda kununua zana za kufufua mtumbwi wangu alipanga kila kitu juu ya meza, akanyamaza.

Nikachagua nitakavyo. Randa niliinyanyua nikafumba jicho moja kuona kama imenyooka. Patasi nilizijaribu kwa ukucha. Nyundo nilichukua yenye mpini wa mti, kwa sababu mpini wa mti ukivunjika unachonga mwingine nyumbani, na ule wa mpira ukivunjika unarudi dukani kuomba. Nikaongeza pamba ya kuziba nyufa, lami na misumari mirefu.

"Na koleo, mzee Chediel?" Hansa akashindwa kujizuia.

"La nini?"

"La kung'olea misumari."

"Nakwenda kupigilia, siendi kung'oa."

Akalirudisha huku anatabasamu. Mwisho nikaomba jiriwa, lile kubwa la kubania mbao.

"Mtumbwi na jiriwa wapi na wapi, mzee?"

"La kushikia," nikamjibu, nikalipa, nikaondoka. Sikutaka aniulize kushikia nini.

Mtumbwi wa mbao hupigiliwa na watu wawili. Wa nje anagonga msumari upite kwenye ubao na kwenye taruma, yaani ubavu wa mtumbwi. Wa ndani anakandamiza kipande cha reli pale ncha itakapotokea, ili ncha ikutane na chuma, ijikunje na kurudi kwenye mti kama ndoana. Bila mtu wa ndani ubao unadunda, msumari unalegea, na Ziwa Singidani halina huruma na msumari uliolegea. Mtu wangu wa ndani alikuwa Martha, mke wangu. Tulimzika mwaka juzi. Tangu siku hiyo mtumbwi ulilala uani, kuku wakaugeuza kiota.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na Happiness, mke wa mwanangu Elisha. Elisha anaendesha lori, leo yuko Kahama, kesho Tunduma. Mgeni atauliza kwa nini huyo Happiness asishike reli. Mgeni huyo hajui tulivyolelewa. Mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Asubuhi ananiamkia shikamoo akiwa mlangoni pa jiko, macho chini, nami naitikia marahaba nikitazama banda la kuku. Chakula anakiweka juu ya kigoda, anakohoa, anaondoka. Ndipo nakwenda kula.

Heshima hiyo siitupi. Ila nisidanganye mtu: Martha ndiye aliyekuwa akibeba maneno kutoka jikoni kuja kwangu, na kutoka kwangu kwenda jikoni. Alipoondoka, maneno yalikosa mchukuzi. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kujibishana na redio. Ndiyo maana nilitaka kurudi ziwani. Kule mtu akikaa kimya, ni kwa sababu anavua.

Nikaulaza mtumbwi ubavu, kitako chake kikasimama kama ukuta katikati ya uga. Nikamwita Alute, fundi wa vitanda, anishikie reli. Akauliza kama nangoja gharika. Nikamfukuza kabla hajaketi. Basi nikabana reli kwa jiriwa upande wa ndani, nikazunguka nje, nikagonga. Reli ikaanguka. Nikazunguka, nikabana, nikarudi, nikagonga, ikaanguka tena. Ubao ukapasuka. Nikalitukana jiriwa na mtu aliyelitengeneza, nikatupa nyundo, nikakaa chini. Nilimkumbuka Martha.

Nikasikia kikohozi. Nikadhani ni chakula. Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa mtumbwi, ndogo lakini imara.

"Baba, nimekishika chuma. Nikiweke wapi?"

Nikatafuta kosa. Sikumwona uso wala yeye hakuniona. Hakuna kilichopita mkono kwa mkono. Kati yetu ulisimama ukuta wa mbao. Nililitafuta kosa kwa nia njema kabisa, sikulipata.

"Gonga kwa ndani nisikie," nikasema.

Akagonga. Nikaelekeza msumari palepale, nikapiga.

"Imejikunja?"

"Imejikunja, baba. Imeingia kwenye mti."

Kuanzia hapo tukafanya kazi kila asubuhi. Siku za kwanza maneno yalikuwa "wapi" na "hapa" tu. Halafu akauliza kama mama naye alishika hivi.

"Alishika, huku ananisema kwamba nagonga kama nafukuza fisi."

Akacheka. Miaka yote aliyokaa kwangu sikuwahi kusikia kicheko chake. Nikamhadithia vile Martha alivyoogopa maji lakini hakukubali niende peke yangu. Naye akanihadithia habari za kwao Issuna, kwamba walikuwa wengi hadi kusikilizana ilikuwa shida.

"Hapa ni kimya sana, baba," akasema siku moja. "Kuna wakati naangusha sufuria makusudi."

Nilikuwa nimezisikia hizo sufuria. Nilidhani ni uzembe.

"Mimi najibishana na redio," nikamwambia.

"Nakusikiaga."

Mtumbwi ukaisha. Tuliziba nyufa, nikapaka lami, nikausimamisha. Ulipendeza hadi Alute akaja kuutazama, akasema kumbe. Kilichobaki ni kutafuta watu wa kuusukuma hadi ziwani. Kesho yake Happiness akaniamkia mlangoni pa jiko, macho chini. Nikaitikia nikitazama banda la kuku. Chakula kikawekwa juu ya kigoda, akakohoa, akaondoka. Nikala ugali ule kwa uchungu. Mchana sufuria ikaanguka jikoni.

Asubuhi iliyofuata nikaenda mjini.

"Koleo," nikamwambia Hansa.

"Si ulisema huendi kung'oa, mzee?"

"Lete koleo, mama, usinichoshe."

Nikaulaza tena mtumbwi ubavu. Nikanyoosha ncha ya msumari kwa ndani, nikazunguka nje, nikaung'oa. Ulikuwa msumari mzuri, umekaza, ukatoka kwa kelele kama unanishitaki. Niliona aibu, mzee mzima naharibu kazi yangu kwa mkono wangu. Nikakaa na nyundo, nikasubiri.

Kikohozi kikasikika, kisha nyayo zikazunguka upande wa pili.

"Baba, huu si tuliupigilia juzi?"

"Umelegea."

Nyayo zikasogea. Nilidhani ameondoka. Halafu nikasikia reli ikigonga ubao, palepale penye tundu.

"Hata huu wa pembeni, baba," akasema. "Nauona nao umelegea."