Kopo la Masika

Pale Kituku, soko la kando ya ziwa, ukihisi muuzaji anakuibia, ulikuwa huiti polisi. Ulimwita Mama Masika. Aliuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, na kipimo cha sambaza ni kopo la maziwa ya unga. Sasa wako wanawake wenye roho ngumu wanaoligonga kopo kwa jiwe mpaka kitako kinaingia ndani. Ukiliangalia kwa juu limejaa, kumbe nusu yake ni hewa. Masika alikuwa anafika, anaingiza ngumi ndani ya kopo, anaizungusha kidogo, halafu anasema, "Hili limebonyezwa." Basi, kesi imekwisha. Muuzaji angelia, angeapa kwa Bikira Maria, hakuna aliyemsikiliza tena.

Kopo lake mwenyewe lilikuwa zima, na juu ya kopo alitupia matabishi, kiganja cha nyongeza, bila kuombwa. Ndiyo maana walimwamini. Na mtu akiaminiwa sana, mwishowe anajiamini hata kwa mambo asiyoyajua.

Mwaka ule ulikuwa umemwanzia vibaya. Mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini, Jephté, mwanawe wa pekee, alitoka kutafuta maji ya kunywa na risasi ikamkuta njiani. Alimwacha mke wake, Christa, binti wa upande wa Bukavu, na mimba ambayo ilikuwa hata haijaonekana. Tuseme ukweli, Masika hakuwa amempenda Christa tangu mwanzo. Alitaka Jephté aoe Munande, mtu wa kabila lake, binti wa Butembo, watu wanaojulikana. Lakini baada ya msiba alimhamishia chumbani kwake, akamlisha samaki wakubwa waliokuwa wa kuuzwa, akamkataza kubeba ndoo. Tumbo lile ndilo lililokuwa limebaki la Jephté duniani. Kila asubuhi Masika alikuwa analigusa kwanza, ndipo anafanya ishara ya msalaba.

Ndipo mpox ikashuka sokoni. Ilikuwa imeanzia kwenye kambi za wakimbizi, watu wakasema ni ya wale wa kule. Haya, sasa ikawa ya hapa. Mvuvi mmoja akajaa mapele mpaka kwenye nyayo. Mke wake akafuata. Na asubuhi moja wakaja wachanjaji, na meza, na viti vya plastiki, na sanduku la barafu, wakiongozwa na munganga mmoja mpole wa hospitali aitwaye Kamate.

Watu walijipanga upesi, hilo lazima lisemwe. Hakuna aliyeikataa chanjo. Christa alikuwa karibu na mbele, mkono wa blauzi ameshaukunja, tumbo limemtangulia. Shida ilianza pale Kamate alipoeleza.

"Chanjo ni kidogo, batu ni mingi," alisema. "Njo maana tunaigawa. Chupa ya mutu mumoja tunachanja batu batano. Tunaitia hapa, ndani ya ngozi, na inatosha."

Weee! Ungedhani amemtukana mama wa mtu. Ntirenganya, mwendesha pikipiki ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, akapiga kelele, "Chanjo ya rejareja! Kesho banatukatia na sindano vipande!" Watu wakacheka. Lakini Domitille, muuza makaa, hakucheka. "Mwaka jana bengine balipata nzima," alisema. "Tangu tuanguke katika hii vita, sisi njo batu ba mabaki."

"Na kule Himbi, kwa mabiro ya bazungu, unafikiri banagawa hivi?" mwingine akadakia.

"Mama Masika aitwe! Akuje apime!" wengine wakaitikia.

Alikuja na kopo lake mkononi, maana alikuwa katikati ya kuuza. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono. Kamate akamdunga kwa ndani, chini ya kiwiko, ngozi ikainuka kipele kidogo kama cha mbu. Masika alikuwa ameiangalia sindano kwa macho mawili. Kilichokuwa ndani kisingelowesha hata ukucha.

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo, mama."

"Na matabishi iko wapi?"

Soko zima likaangua kicheko, na Kamate naye akacheka. Masika hakucheka. Aliinama karibu naye.

"Weye mutoto wetu wa Butembo, niambie mbele ya Mungu. Kama mungekuwa nazo za kutosha, mungetupatia hii?"

Angesema uongo kidogo, yule munganga, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa mtu wa kweli, na ukweli nao una siku zake mbaya. "Hapana, mama," alisema. "Tungetoa nzima. Lakini hii inatosha. Ndani ya ngozi njo kunalala walinzi ba mwili, kidogo tu inabaamsha. Si unajua, haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba kinajazwa na haba mingi, baba. Weye umenipa moja."

Akasimama, akaliinua kopo lake juu watu wote walione, akaingiza ngumi ndani, akaizungusha.

"Hii chanjo imebonyezwa," alisema.

Watu wakashangilia. Haki ya Mungu, walishangilia. Mstari ukalegea, mmoja akatoka, wengine wakatoka nyuma yake. Christa peke yake alibaki mbele ya meza.

"Mama, mi ningeipata tu hii kidogo," alisema kwa sauti ya chini.

"Toka pale. Mutoto wa Jephté hapewi mabaki. Nitakutafutia nzima."

Christa alimtazama munganga, akamtazama mama mkwe wake. Ni mgeni katika ukoo, mjane, anayelala chumbani kwa mama wa marehemu. Angebishana naye vipi mbele ya soko? Akaukunjua mkono wa blauzi polepole, akaondoka. Kamate aliita, "Mama Masika, tafazali, batu banakusikiliza weye!" Na Masika, badala ya kuliogopa neno lile, alilifurahia. Siku nzima lilimfurahisha.

Hakuwa mtu wa ahadi za bure. Siku chache baadaye alijaza mfuko sambaza bora, akapanda mpaka Himbi, mtaa wa wakubwa, kwa Habarurema, mlinzi wa lango la biro, ofisi moja kubwa ya wazungu, mteja wake wa zamani. Akamvuta pembeni. Hawa wakubwa wanachanjiwa wapi? Nani anaweza kumsaidia apate dozi nzima, ya mwanamke mwenye mimba?

Habarurema alikunja mkono wa sare yake, akamwonyesha kidoti cheusi chini ya kiwiko. Kilikuwa sawasawa na cha kwake.

"Hata patron wangu, mama. Tulipanga mustari moja, yeye mbele, mimi nyuma. Ni hii hii."

"Nzima hakuna?"

"Hakuna. Balituambia tushukuru."

Masika alimwachia sambaza zote, akashuka kwa miguu. Moyo ulikuwa unamuuma kwa aibu. Kumbe hawakupunjwa. Kumbe kopo lilikuwa moja kwa wote, dogo, lakini moja. Neno lilikuwa jepesi tu: binti yangu, nilikosea, twende ukachanjwe. Lakini angelisemaje, na soko lote lilikuwa limemshangilia? Akajiambia auze kwanza samaki wa siku ile wasije wakaoza. Kesho yake akajiambia angoje Jumapili, baada ya misa. Jumapili wageni wakaja kutoka Beni. Wakati huo wote Christa alikuwa anakaa kibarazani anasuka nywele za wanawake, vichwa vya watu mapajani mwake, kwa sababu kazi hiyo Masika hakuwa ameikataza. Mteja mmoja alikuwa na vipele shingoni. Alisema ni joto.

Alipoimeza jeuri yake hatimaye, akamshika Christa mkono wakaenda pale kwenye meza. Meza haikuwepo. Wachanjaji walikuwa wamepelekwa upande wa Bunagana. Chanjo ni kidogo, haiwezi kungoja watu wanaoikataa.

"Si kitu, mama," alisema Christa. Usiku wa siku ileile alianza kutetemeka kwa homa.

Masika alimuuguza kwa mikono yake. Hakumwachia mtu. Alimwosha mapele, yakapasuka, akayaosha tena. Alifua mashuka. Alimshika kichwa anywe uji, akalala naye kitanda kimoja kwa sababu kingine hakipo. Wanawake wa Kituku waliacha chakula mlangoni na kurudi nyuma. Na kila asubuhi Masika alijikagua mikono, kifua, viganja, akitafuta kipele. Alikuwa anakitamani, jamani. Alimwomba Mungu ampe hata kimoja, ili ajue kwamba alisema kweli, kwamba chanjo ile ilikuwa bure. Ngozi yake ilibaki safi. Palikuwa na kidoti kile kimoja tu, chini ya kiwiko.

Domitille alimwona anaanika mashuka, mikono wazi, mizima. "Eeh, dada yangu," alisema, "majuto ni..." Akajiuma ulimi, akaomba msamaha. Masika akaendelea kuanika.

Mtoto aliacha kucheza tumboni siku ya soko. Asubuhi Masika aliweka mkono wake pale kama kawaida, akangoja, akauhamisha, akangoja tena. Christa alikuwa anamwangalia usoni. Walimbeba mpaka kituo cha wagonjwa wa mpox kwa pikipiki ya Ntirenganya, ambaye safari hii alikuwa kimya, akajifunga kitambaa puani, wala hakutaka kulipwa.

Wanawake wa soko walikuja wakasimama nje ya uzio wa wavu, pamoja na Masika, kwa maana ndani hawakuruhusiwa. Walikuwa wengi. Saa sita mkunga akatoka, dada mmoja aitwaye Sylvie, amejifunika mpaka macho, mikononi amebeba furushi la kitambaa cheupe lililofungwa vizuri.

"Mama yake ataishi," alisema. "Mutoto, poleni. Ni musichana."

Kilio kikapanda. Sylvie akangoja kitulie.

"Kaburi limechimbwa, lakini mutu wa familia njo anamubeba. Nani kati yenu alichanjwa? Kama hukuchanjwa, siwezi kukupatia."

Wanawake wakatazamana. Domitille akaangalia viatu vyake. Yule wa nyuma yake akaangalia viatu vyake. Wote walikuwa kwenye mstari siku ile, na wote walitoka, na kila mmoja alijua alitoka kwa neno la nani. Hakuna aliyemwangalia Masika, na heri wangemwangalia.

"Mimi," alisema Masika.

"Ulichanjwa, mama? Kweli?"

"Nilichanjwa. Ile kidogo."

"Inatosha," alisema Sylvie. "Vaa hizi gani, ukuje umubebe."

Alivaa zile gani, glavu za mpira. Aliingia ndani ya wavu, akanyoosha mikono, akapokea. Furushi lilikuwa jepesi kuliko kopo moja la sambaza, na mikono yake, iliyozoea kupima vitu, ilipima yenyewe bila yeye kutaka.

"Alipewa jina?" Sylvie aliuliza.

Kwa Wanande jina la mzaliwa wa kwanza halichaguliwi. Linakuwepo tayari, linangoja. Akiwa mvulana ni Mumbere. Akiwa msichana ni lile ambalo yeye mwenyewe alilichukua siku ya kuzaliwa kwake, kwa kuwa naye alitangulia.

"Masika," alisema. "Anaitwa Masika."

Akamfunika vizuri, akaanza kupanda nalo jina lake kuelekea kwenye mawe meusi ya volkano, palipochimbwa kaburi, na wanawake wa Kituku wakamfuata kwa mbali.